Mtoto wa chifu aliyekataa kiti: Maisha ya Kadinali Otunga kwa macho ya Muislamu wa Pwani



Kila mwaka ukikaribia mwezi wa Juni, barabara inayotoka Kisumu kwenda Busia hupita makundi ya Wakatoliki wakitembea kwa miguu. Wana rozari mikononi, chupa za maji na viatu vilivyokwisha soli. Safari yao ni ya kwenda Namugongo, Uganda, kuwakumbuka mashahidi waliouawa zama za Kabaka Mwanga. Kumbukumbu hiyo huwa tarehe 3 Juni. Wakatoliki 22 miongoni mwa mashahidi hao walitangazwa watakatifu mwaka 1964.

Wakenya hutembea hadi nchi ya jirani kwa sababu nchi yao haijapata mzaliwa hata mmoja aliyetangazwa mtakatifu na Kanisa hilo. Hata hivyo, lipo faili lililofunguliwa. Jina lililoandikwa juu yake ni la Maurice Michael Otunga, Mkenya wa kwanza kuwa kadinali, ambaye uaskofu wake ulianzia Kisumu. Wazee wetu wa Mombasa waliokuwa vijana miaka ya 1950 huenda walipishana naye njiani wasimjue, maana kabla ya kuwa askofu alifanya kazi mjini hapa.

Wako watakaouliza mimi Muislamu nina haja gani na kadinali. Haja ninayo. Tunaishi na Wakatoliki mtaa mmoja, tunazikana na tunakopeshana chumvi, lakini tukiulizwa wanamheshimu nani na kwa nini, hatuna jibu. Tena maisha ya mtu huyu yana funzo ambalo sisi wa Pwani tunalihitaji sana msimu huu wa kugombania viti, kuanzia vya serikali hadi vya kamati za misikiti.

Otunga alizaliwa Januari 1923 huko Chebukwa, Bungoma, katika kabila la Wabukusu. Jina lake la utoto lilikuwa Simiyu, ambalo Wabukusu humpa mtoto wa kiume aliyezaliwa wakati wa kiangazi. Baba yake, Sudi Namachanja, alikuwa chifu mkubwa mwenye wake wengi na watoto wengi. Haikuwa nyumba ya Kikristo. Wamishonari Wakatoliki wa shirika la Mill Hill waliingia magharibi mwa Kenya kutokea upande wa Uganda, miaka michache baada ya reli iliyoanzia kwetu Mombasa kufika Kisumu mwaka 1901. Kijana Simiyu akasoma katika shule yao ya misheni ya Kibabii, na mwaka 1935, akiwa na miaka 12, akabatizwa na kupewa majina ya Maurice Michael.

Kutoka hapo elimu ilimchukua mbali. Alisoma Mangu, shule ya Wakatoliki iliyotoa wakubwa wengi wa nchi hii, kisha seminari ya Kakamega, halafu Gaba nchini Uganda. Mwaka 1947 akapelekwa Roma, na tarehe 3 Oktoba 1950 akapewa upadri huko huko.

Hapa ndipo pana jambo la kwanza la kulitazama. Baba yake alimtaka awe mrithi wake. Mwana aliyesoma, anayejua Kiingereza na barua za serikali, ndiye hasa aliyefaa kushika uchifu wakati ule. Chifu wa zama za Mwingereza hakuwa mtu mdogo. Yeye ndiye aliyekusanya kodi ya kibanda, akaamua kesi, akatoa vijana wa kwenda kazi za serikali, na neno lake juu ya ardhi lilisikizwa na Bwana DC. Kwa msomaji wa Pwani, mfikirie liwali, kisha muongezee heshima ya ukoo. Kijana wa Chebukwa alikiacha kiti hicho.

Na hakukataa kiti peke yake. Upadri wa Kikatoliki humtaka mtu asioe, kwa hiyo mtoto wa chifu mwenye wake wengi alikubali kufa bila mke na bila mtoto wa kubeba jina lake, katika jamii ambayo jina la mtu hukaa ndani ya watoto wake. Dini yetu haituelekezi huko. Kwetu ndoa ni sunna, na kukaa bila ndoa kwa makusudi hakusifiwi. Lakini mtu anaweza kutokubaliana na njia ya mwenzake na bado akaupima uzito wa mzigo alioutua. Sisi tumelelewa na kisa cha Ibrahim bin Adham, aliyeacha ufalme wa Balkh akaenda kula jasho lake na kumtafuta Mola wake. Aliyekua na kisa kile haoni shida kumwelewa Otunga.

Aliporudi Afrika alifundisha katika seminari, kisha akaletwa Mombasa. Vijana wengi hawajui kuwa miaka hiyo mjumbe wa Papa aliyesimamia Kanisa Katoliki katika nchi nyingi za Afrika zilizotawaliwa na Mwingereza alikuwa na makao yake hapa Mombasa. Katikati ya miaka ya 1950 mjumbe huyo alikuwa Askofu Mkuu James Knox, na padri Otunga alikuwa mmoja wa waliofanya kazi katika ofisi yake. Ni Knox huyo huyo aliyempa uaskofu tarehe 25 Februari 1957, baada ya kuteuliwa mwezi wa Novemba uliotangulia kuwa askofu msaidizi wa Kisumu chini ya Askofu Frederick Hall, mmishonari. Otunga alikuwa na miaka 34, Mkenya mweusi wa kwanza kuwa askofu Mkatoliki.

Iangalieni tarehe hiyo. Mwezi uliofuata, Machi 1957, ndipo Waafrika wa Kenya walipopiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wawakilishi wao katika baraza la kutunga sheria. Oginga Odinga akaingia kutoka Nyanza na Ronald Ngala akaingia kutoka kwetu Pwani. Hali ya hatari ilikuwa bado haijaondolewa. Mwafrika alikuwa akianza kukalia viti ambavyo wazungu walidai havimtoshi, na Otunga akawa mmoja wa waliowekwa kwenye mizani: akishindwa yeye, ingesemwa Waafrika wameshindwa.

Jimbo la Kisumu la wakati huo lilikuwa kubwa mno, likikusanya sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya. Mwaka 1960 likakatwa, likazaliwa jimbo la Kisii, na Otunga akawa askofu wake wa kwanza. Alipewa milima ya Wakisii, nchi ya Wakuria, na ufuo wote wa ziwa upande wa kusini, kutoka Homa Bay hadi mpaka wa Tanganyika, nyumbani kwa Wajaluo na Wasuba. Yeye Mbukusu hakuwa wa kabila lolote kati ya hayo. Akakaa nao karibu miaka kumi, na hadi leo shule ya wavulana ya Mosocho, karibu na mji wa Kisii, inaitwa kwa jina lake.

Humo ndimo alimopata mtihani mkubwa ambao wasifu wa kusifu peke yake hupenda kuuruka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Suna na vijiji vya jirani ndani ya jimbo lake, waliinuka Simeo Ondetto na mwanamke kijana aliyeitwa Gaudencia Aoko. Aoko alikuwa mama aliyefiwa na watoto. Walihubiri, wakaombea wagonjwa, wakafukuza pepo na uchawi, na wakabatiza watu kwa halaiki bila kuwasomesha miaka kwanza. Mwanamume mwenye wake wawili au watatu, ambaye misheni ilimwambia asubiri nje, kwao aliingia. Ufuo ukatikisika. Makumi ya maelfu ya watu wakaenda, na likazaliwa kanisa la Legio Maria, ambalo lilichukua jina lake kutoka chama cha Kikatoliki cha Jeshi la Maria. Ukipita Kisumu siku ya ibada utawaona wafuasi wake na kanzu zao za rangi na rozari ndefu shingoni. Ondetto alifariki mwaka 1991, na wafuasi wake wanamwona kuwa zaidi ya nabii.

Fikirieni jinsi jambo hilo lilivyomgusa Otunga. Alikuwa ndiye askofu Mwafrika, yule ambaye uteuzi wake ulitakiwa kuonyesha kuwa Kanisa lile si la wageni. Bado watu wa ziwa walimwacha yeye wakamfuata Mwafrika mwingine aliyewapa walichokuwa wakikililia: kuponywa, kulindwa na uchawi, na kukubaliwa pamoja na wake zao. Na huyo aliyetakiwa kuusimamia mlango ule uliowazuia wenye wake wengi alikuwa mwenyewe mtoto wa mume wa wake wengi. Hakuufungua mlango huo. Sheria ya Kanisa lake haikumruhusu, naye hakuwa mtu wa kupinda sheria ili ahesabu watu wengi msikitini mwake, tungesema sisi. Wako wanaouona huo kuwa uaminifu, na wako wanaouona kuwa ugumu. Mimi naona jambo moja: alipoteza watu, na hakununua wengine kwa ahadi.

Kuna jambo la kushangaza ndani ya habari hiyo. Miaka ile ile maaskofu wa dunia nzima walikuwa wakikutana Roma katika Mtaguso wa Pili wa Vatikani, kuanzia 1962 hadi 1965, na Otunga alikuwa mmoja wao. Mtaguso ule uliruhusu ibada isomwe kwa lugha za watu badala ya Kilatini pekee. Misa ikaanza kusikika kwa Kijaluo, Kikisii na Kiswahili. Lakini Legio Maria, kanisa la Waafrika waliojitenga na wazungu, lilikihifadhi Kilatini katika ibada zake. Sisi tunaosali kwa Kiarabu tunaielewa hisia hiyo kuliko mtu mwingine. Lugha ya ibada ina haiba yake hata kwa asiyejua maana ya kila neno, na anayetaka kuibadilisha, hata kwa nia njema, humgusa mtu mahali pa ndani.

Mwaka 1969 Otunga alipelekwa Nairobi kuwa msaidizi mwenye haki ya kurithi, na mwaka 1971 akawa askofu mkuu. Tarehe 5 Machi 1973 Papa Paulo wa Sita akamfanya kadinali. Mwaka 1978, mwaka ambao mapapa wawili walifariki, aliingia mara mbili katika chumba kilichofungwa cha kumchagua Papa. Mtoto wa Chebukwa akapiga kura ambayo wafalme wa Ulaya wa zamani walikuwa wakiitolea macho.

Je, alikuwa sauti ya wanyonge katika siasa? Tuseme kweli. Miaka ya 1980, wakati wa chama kimoja, waliosikika zaidi walikuwa wengine: Ndingi Mwana'a Nzeki kwa Wakatoliki, na kwa Waanglikana Alexander Muge wa Eldoret na Henry Okullu, aliyekuwa na kiti chake Kisumu. Otunga alikuwa mtu wa sala, wa barua za kichungaji, na wa maneno machache. Waliotaka simba hawakumpata.

Kuna siku moja, hata hivyo, alipotoka hadharani, na siku hiyo alikuwa na Waislamu. Mwaka 1996 jijini Nairobi aliongoza kuchomwa moto kwa mipira ya kondomu na vitabu vya mafunzo ya ngono, na viongozi wa Kiislamu walisimama naye. Wengi wetu tulifurahi kuona msikiti na kanisa vikisema neno moja juu ya uzinifu. Na uzinifu bado ni haramu, hilo halikubadilika. Lakini siwezi kuandika habari za ufuo wa ziwa nikanyamaza juu ya makaburi yake. Ukimwi uliua Nyanza kuliko sehemu nyingine yoyote ya Kenya. Katika fuo za uvuvi mlikuwa na desturi ya jaboya, ambapo mwanamke muuza samaki hulazimika kumpa mvuvi mwili wake ili apate samaki wa kuuza. Mwanamke huyo hakuwa akitafuta anasa. Alikuwa akitafuta unga wa watoto. Na mke wa nyumbani aliyeambukizwa na mumewe hakuwa mzinifu. Viongozi wa dini zote mbili walisema kwa nguvu juu ya dhambi, na wakasema kwa sauti ndogo juu ya hao. Anayemwandikia Otunga wasifu, na anayewaandikia maimamu wetu, hana budi kuliandika hili pia.

Sasa tuje kwenye mwisho wake, maana mimi nilivutwa na mtu huyu kwa ajili ya mwisho wake. Sheria ya Kanisa humtaka askofu aombe kustaafu akifika miaka 75. Otunga aliachia kiti cha Nairobi Aprili 1997 akiwa na miaka 74. Hakujijengea jumba, wala hakurudi Bungoma kuwa mzee wa kupigiwa magoti. Alikwenda kuishi Nyumba ya Wazee, Kasarani, makao ya wazee maskini yanayotunzwa na Masista Wadogo wa Maskini. Mahali pale huokota wazee waliotupwa na jamaa zao. Masista hao wana desturi ya kutembeza kapu sokoni kuomba chakula cha wazee wao. Mwanzilishi wa shirika lao, Mfaransa Jeanne Jugan, alinyang'anywa uongozi wa kazi aliyoianzisha mwenyewe, akaishi miaka mingi bila cheo miongoni mwa masista vijana ambao wengi hawakujua yeye ni nani. Mwaka 2009 Kanisa lilimtangaza mtakatifu.

Hapo ndipo kadinali wa kwanza wa Kenya alipoishi miaka yake ya mwisho, chini ya paa moja na wazee wasio na mtu. Akafariki tarehe 6 Septemba 2003, akiwa na miaka 80. Alizikwa kwanza Msongari, Nairobi, katika makaburi ya St Austin's. Humo amelala pia Edel Quinn, binti kutoka Ireland aliyelileta Jeshi la Maria Afrika Mashariki mwaka 1936 akiwa mgonjwa wa kifua kikuu, akafa mwaka 1944. Faili lake naye liko Roma. Mwaka 2005 mabaki ya Otunga yakahamishiwa Karen, kwenye bustani ya ibada inayoitwa Resurrection Garden.

Faili la Otunga linaendeleaje? Kwa Wakatoliki mtu hapiti kwa siku moja. Kwanza huitwa Mtumishi wa Mungu, na hapo ndipo alipofika Otunga. Maisha yake yakichunguzwa na kukubaliwa, ataitwa Mheshimiwa. Ikithibitika muujiza mmoja uliotokea kwa maombezi yake, ataitwa Mwenye Heri, na wa pili ukithibitika, Mtakatifu. Mashahidi huitwa, barua hukusanywa, na kazi ya wachunguzi ni kuuliza hata yale mabaya.

Kwetu hakuna faili. Nani walii na nani si walii, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye, na hakuna ofisi iliyopewa muhuri wa kuamua. Tunawajua watu wema kwa athari walizoacha. Lamu yamkumbuka Habib Saleh, sharifu aliyefungua mlango wa elimu kwa watu ambao wakubwa wa mji hawakuzoea kukaa nao darasa moja, na msikiti wa Riyadha ukawa shahidi wake. Juu ya maombezi na miujiza, sisi na Wakatoliki tuna njia tofauti, na hata sisi wenyewe kwa wenyewe hatukubaliani. Sikusudii kuchanganya dini.

Lakini ukiviweka kando visivyokubaliwa, kinabaki kitu ambacho kila mcha Mungu anakitambua. Mtu huyu alipewa viti vitatu. Cha uchifu alikikataa kabla ya kukikalia. Cha Kisii alikikalia akaona watu wakimkimbia, asiwarudishe kwa hila. Cha Nairobi alikiachia kabla ya kuambiwa ondoka, akaenda kukaa na maskini. Makosa yake na ukimya wake havifutiki kwa hayo, lakini hayo nayo hayafutiki.

Tujitazame sisi. Tuna wazee wa kamati waliokalia funguo za misikiti miaka thelathini, hesabu hazisomwi, na vijana wakiuliza huitwa wakorofi. Tuna wanasiasa wanaozeekea bungeni, wakishindwa hutafuta udiwani. Tuna masheikh wanaoacha kusalimiana kwa ajili ya nani awe mbele. Cheo ni dhamana, twaimba hivyo harusini na matangani, kisha twaishika dhamana kama urithi wa baba zetu.

Roma itaamua juu ya Otunga kwa wakati wake, na uamuzi huo si wangu. Mimi namwombea kila mwenye kiti hapa Pwani, mkubwa na mdogo, apate siku moja ya kujiuliza: nikiamka kesho bila cheo hiki, nitakwenda kukaa na nani, na watanipokea?

Wabillahi tawfiq.